Rezo imekatika, lakini masaa yetu yameenda wapi?

Siku ya mushahara, mbele ya dirisha la personele, kuna jibu moja ambalo kila mfanyakazi wa mugodi wetu alilijua kwa kichwa. Unaleta fishi yako, unaweka kidole pale panapokosa: «Mama, posti ine ya usiku haiko hapa. Nilitumika, na shefu aliniandika.» Mama wa dirisha anaangalia mashini yake, anaangalia fishi, kisha anajibu kwa upole: «Papa, ni rezo njo inakatikaka. Ngojea mwezi yenye kuya.» Mwezi huo unafika, posti ine hazijarudi, na zingine mbili zimezifuata.

Kwa muda mrefu jibu hilo lilitosha kutufunga kinywa. Mutu wa karieri anajua kubishana na shefu juu ya buti, juu ya maji ya kunywa, juu ya basi iliyochelewa. Lakini rezo utabishana nayo namna gani? Haina uso, haina biro. Mimi mwenyewe, delege wa sindika, nilikuwa narudi kwa wenzangu na neno lile lile, nikilisema haraka ili tupite kwa lingine. Nilikuwa sijui rezo ni nini, na nilikuwa naona haya kuuliza.

Nitaeleza hapa vile tulivyokuja kujua, hapa Kolwezi, katika kampuni ya sukontratere ambayo sitaitaja jina, kwa sababu mazungumzo nayo hayajaisha.

Njia ya saa moja ya kazi

Kwanza tuangalie saa moja ya kazi inapita wapi kabla ya kufika mfukoni. Dereva wa kamyo anaingia posti saa 18h00, anatoka saa 6h00 asubuhi. Shefu wa posti anaandika majina na masaa kwenye karatasi, anatia sinyatire, na kopi moja ya kaboni inabaki ndani ya kaye yake. Karatasi inapelekwa biro ya puwantaje. Pale karani anaisoma na kuiandika ndani ya ordinatere.

Lakini ordinatere ya karani haichungi kitu. Inatuma mistari ile kwa mashini ingine moja, inayokaa peke yake ndani ya chumba kidogo chenye klimatizere. Wanaiita serveri. Serveri njo depo: maordinatere yote ya biro yanaweka mali humo na kuchukua humo. Mwisho wa mwezi kontablite inafungua depo, inahesabu kilichomo, inalipa. Kilichokosa kuingia humo hakilipwi, hata kama shefu alitia sinyatire, hata kama kamyo ilipanda na kushuka usiku muzima.

Kode ya kazi ya mwaka 2002 inasema juma ni masaa 45, siku moja masaa 9. Yanayopita hapo ni masaa ya ziada, yana bei yake. Inasema tena kwamba kila mara mutu anapolipwa apewe hesabu iliyoandikwa. Kwa mutu wa posti ya usiku, ile ziada njo minervale ya watoto. Kwa hiyo mstari mmoja unaopotea kati ya karani na serveri si jambo la mafundi peke yao.

Antena

Tulipoleta malalamiko kwa direksio mara ya tatu, walitupokea vizuri, walitupa hata soda. Wakatuambia shida ni intaneti, na antena mupya imeagizwa. Tuliitika wote kwa kichwa. Mimi pia niliitika.

Nje, kijana wa informatike alinivuta pembeni. Huyu ni kijana mmoja peke yake kwa sayiti nzima, anatembea na tournevis mfukoni na deni la usingizi usoni. Akaniambia:

«Papa delege, ile antena haitasaidia kitu. Serveri yetu haiko ku intaneti. Iko mu nyumba hii hii, metre makumi tatu na biro ya ba mama.»

Sikuelewa. Kwangu rezo, intaneti, koneksio, WiFi, vyote vilikuwa kitu kimoja. Basi akanionyesha. Siku iliyofuata, saa sita mchana, aliomba ruhusa akachomoa antena dakika kumi. Ndani ya biro, watu walioongea na familia zao kwa WhatsApp walipiga kelele. Lakini makarani waliendelea kuandika, na mistari yao iliingia serveri bila shida. Intaneti ni barabara ya kutoka mjini. Rezo ya ndani ni kijia kati ya nyumba na jiko. Barabara ya kwenda Likasi ikifungwa, bukari inaendelea kutoka jikoni.

Antena ilikuja kweli, miezi miwili baadaye. Inafanya kazi vizuri. Masaa yaliendelea kupotea.

Kaye kwenye kila meza

Kijana aliniambia kitu ambacho nimekibakiza. «Kukatika haiko ugonjwa, papa. Ni homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoide. Ukimeza dawa mbele ya kupima, unacheza.» Alitaka kujua mambo matatu. Inakatika kwa nani: kwa mashini moja, kwa chumba kimoja, ama kwa wote pamoja? Inakatika saa ngapi? Na mashini inasema maneno gani wakati ule?

Maswali matatu tu, na hakuna aliyeweza kuyajibu. «Inakatikaka kila saa,» walisema. Kila saa ni lini? «Eh, kila saa.»

Sindika ikanunua kaye, moja kwa kila meza, na biki iliyofungwa kwa kamba ili isitembee. Pale tulipata upinzani ambao sikuutazamia, nao haukutoka kwa wakubwa, ulitoka kwa makarani wenyewe. Mama mmoja alinisukumia kaye mkononi: «Delege, nikiandika hapa asema mashini ilikatika mara kumi, kesho batasema ni miye sijue kazi. Na watoto yangu utabalisha weye?»

Alikuwa na haki. Mwaka uliopita mwenzake alihamishwa kwa sababu ya makosa ya namna hiyo. Tuliongea saa nzima. Tukapatana: kaye ni mali ya sindika, direksio haitaigusa, na ndani yake hakuna jina la mutu, ni namba ya meza tu, saa, na maneno ya mashini yakikopiwa vile yalivyo. Tena tulipatana kwamba mimi mwenyewe nitazikusanya kila Ijumaa.

Juma la kwanza niliona kurasa tupu. Juma la pili ziliandikwa. Baada ya juma tatu nilikaa na kijana chini ya mwembe, nyuma ya atelie, tukafungua kaye zote pamoja, na hapo ukungu ulianza kuondoka. Makarani wawili walioko kwenye kontenere, ngʼambo ya uwanja, walikatika saa yoyote: asubuhi, mchana, zaidi siku za mvua, zaidi tena wakati masudere wa atelie wanapochoma chuma. Wale wa biro kubwa hawakukatika hivyo. Wao karibu kila mara ilikuwa kati ya 5h30 na 7h00, ama kati ya 17h30 na 19h00, na mara nyingine baada ya chakula.

Homa moja, magonjwa mawili. Muda wote ule tulikuwa tunatafuta dawa moja.

«Unanisikia?»

Kijana alifungua dirisha jeusi kwenye mashini, akaandika ping na namba ya serveri, na mwisho akaongeza -t ili isisimame. Kazi yake ni rahisi, dereva yeyote ataielewa. Ni kama mutu wa redio anaita: «Serveri, unanisikia?» Serveri inajibu: «Nakusikia.» Tena: «Unanisikia?» Mara moja kwa sekunde, siku nzima, na kila jibu linaandikwa pamoja na muda uliochukua. Ndani ya nyumba moja jibu linarudi mbele hata ya milisekunde moja kuisha.

Kwenye kontenere majibu yalikuja vizuri, kisha ghafula mashini ikaandika: «Délai d'attente de la demande dépassé». Maana yake, niliita, hakuna aliyejibu. Mara tatu, mara nne mfululizo, kisha sauti ikarudi. Wakati ule ule tulisikia posti ya kuchomea ikinguruma atelie.

Tukafuata kable kwa miguu. Ilitoka biro, ikapita ukutani, ikashuka ndani ya bomba moja na waya mkubwa wa umeme wa atelie, ikazunguka uwanja, ikaingia kontenere. Nilihesabu hatua 160. Kijana alicheka kicheko cha uchungu. Kable ya shaba ya namna hiyo, ile yenye nyaya nane ndani, kipimo chake ni metre 100 kutoka kichwa mpaka kichwa. Ikipita hapo, inaweza kukubali leo na kukataa kesho. Zaidi ya hayo, waya wa umeme mkubwa unaolala pembeni yake unaichafulia sauti. Na katikati ya njia, chini ya bati, tulikuta kiungo: mutu alikata kable, akaunganisha nyaya kwa mkono, akafunga skochi nyeusi. Mvua ilikuwa inaingia humo kama kwake.

Hakuna aliyekumbuka ni nani. Kila fundi aliyepita alisema ni yule wa mbele yake.

Dawa ilikuwa ya bei ndogo. Walivuta kable mupya kwa njia ingine, mbali na waya wa umeme, ikapumzika katikati ndani ya depo ya vipuri kwenye kisanduku kidogo wanachokiita swichi, ambacho kinapokea sauti na kuituma upya. Hivyo hakuna kipande kinachopita metre 100. Kijana alitaka fibre, kwa sababu kati ya nyumba na nyumba fibre haisikii umeme, na radi ya Katanga haiwezi kupita ndani yake kuja kuunguza mashini. Alikuwa na haki. Alijibiwa kwamba hakuna bajeti.

Barabara nzima, mlango umefungwa

Biro kubwa ilitusumbua zaidi. Kijana aliweka ping huko siku tano. Hakuna jibu hata moja lililopotea. Saa 17h45, mama wa meza ya nne anapiga kelele kwamba imekatika, na kwenye mashini ile ile dirisha jeusi linaendelea: nakusikia, nakusikia, nakusikia.

Niliwaza kwamba makarani wanatudanganya. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na nilimwomba mama yule samahani baadaye. Kijana alikuwa na akili kunishinda. «Barabara iko muzima, papa. Ni mulango njo inafungwa.»

Hapo kaye ilituokoa. Mama wa meza ya nne, yule aliyeogopa kuandika, ndiye peke yake aliyekopi maneno ya mashini neno kwa neno. Wenzake walikuwa wanaona sanduku lenye Kifaransa kirefu, wanabonyeza OK, linaondoka. Yeye aliandika yote. Mashini ilikuwa inasema kwamba haiwezekani kuongeza koneksio ingine, sababu tayari ziko nyingi kadiri ordinatere ile inavyoweza kupokea.

Kijana alisoma, akanyamaza, akashika kichwa. Tukaenda kwenye chumba cha klimatizere. Akawasha ekrani ya serveri, akaangalia aina ya Windows iliyomo. Kumbe serveri haikuwa serveri. Ilikuwa ordinatere ya kawaida, kama ile ya karani, yenye Windows 10 ya kawaida. Mutu aliiweka ndani ya chumba cha baridi, akaipa jina kubwa.

Na Windows ya namna hiyo ina sheria yake: inakubali mashini 20 tu kuingia kwake kwa wakati mmoja kuchukua na kuweka mafaili. Windows XP Professional ya zamani ilikubali 10. Ya 21 inarudishwa mlangoni. Si kuharibika, ndivyo ilivyotengenezwa, ili anayetaka watu wengi anunue ile ya serveri ya kweli.

«Paka makumi mbili?»

«Paka makumi mbili, papa.»

Tulihesabu mashini za sayiti. Makarani, magazini, atelie, usalama, kontablite, mashefu wa posti na ordinatere zao za mkononi: 27. Na fotokopi kubwa ya korido, ile inayotuma makaratasi yaliyopigwa picha ndani ya serveri, nayo inachukua kiti. Hiyo hakuna aliyeiwazia.

Sasa elewa vile mchezo ulivyokuwa. Windows hiyo ikiona mutu ametulia dakika 15 bila kugusa kitu, inamtoa. Kwa kawaida haina neno, ukigusa tena inakurudisha mara moja, hata huoni. Ni kama basi ya kampuni: unashuka kununua maji, unapanda tena. Lakini saa ya kubadilisha posti, mashefu wanaotoka na wanaoingia wanafungua ordinatere zao wote pamoja. Karani aliyeenda kula, ama aliyekuwa anapanga makaratasi dakika 20 bila kugusa mashini, kiti chake kimekaliwa. Programu yetu ya puwantaje haishiki faili wazi wakati wote. Inagonga mlango wakati wa kuhifadhi tu. Anabonyeza, anarudishwa, sanduku la Kifaransa linatokea, anabonyeza OK, ukurasa mweupe unakuja. Yeye anafikiri imeingia. Anachukua karatasi ingine.

Hivyo njo posti ine ya usiku zilipotea. Na angalia ni za nani: karatasi zinazoandikwa saa 6h00 asubuhi ni za wale waliotoka usiku. Kwa miezi mingi tuliulizana mbona watu wa usiku wanalia kupita wa mchana. Wengine walisema mashefu wa usiku ni wezi.

Kosa letu

Nisifiche kwamba kabla ya kufika hapo tulifanya mambo yawe mabaya zaidi. Kijana alikuwa amesoma kwamba ile kutoa watu baada ya dakika 15 inaweza kuzimwa kwa amri moja, net config server /autodisconnect:-1. Ni kweli, na penye viti vya kutosha inaondoa usumbufu. Akaizima siku ya Jumatatu. Jumanne asubuhi biro nzima ilisimama: watu wa kwanza 20 walioingia hawakutoka tena, hata wale waliozunguka karieri na ordinatere zao wazi ndani ya gari. Fotokopi ilikaa kama sultani. Ilibidi arudishe dakika 15 mbio mbio, na makarani walimtazama juma nzima kwa jicho baya.

Lakini kosa lile lilitusaidia. Tangu siku hiyo alizoea kuandika net session ndani ya dirisha jeusi la serveri; amri hiyo inaonyesha orodha ya walioingia na kila mmoja ametulia muda gani. Aliipiga picha kwa telefone saa 6h10, majina 20 kamili. Picha hiyo ndiyo niliyoweka mezani kwa direksio.

Serveri ya Windows ya kweli na leseni zake ni pesa, na walitutajia bajeti ya mwaka unaofuata. Kijana akasema kuna njia ingine: mashini nzuri iliyolala magazini, aiwekee Linux na programu inayoitwa Samba, ambayo inagawa mafaili kwa Windows vile vile, haina hesabu ya viti 20, na haiuzwi. Alifanya kazi hiyo Jumapili moja, kutoka asubuhi mpaka giza, mke wake akamletea chakula kwenye barieri. Kwanza alikopi kila kitu kwenye diski mbili. Jumatatu saa 6h00 nilikuwa nimesimama nyuma ya mama wa meza ya nne. Aliandika karatasi saba. Zote saba ziliingia. Hakusema kitu, alivuta kaye akaandika saa na neno moja: «Hakuna.»

Kuna mambo mengine yanayokata koneksio, ambayo kwetu hayakuwa makubwa, lakini wenzetu wa sayiti zingine wayatazame. Mashini mbili zikipewa namba moja ya rezo, ni kama nyumba mbili zenye namba moja kwenye avenue moja: barua inapotea leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ordinatere ya mkononi inaweza kuzima yenyewe karte yake ya rezo ili kubana umeme. Kuna kisanduku cha kutoa tiki. Vumbi la karieri linaziba swichi mpaka inapata moto. Na mutu akichomeka kable moja vichwa vyote viwili kwenye swichi moja, rezo nzima inaweza kuanguka. Kwetu ilitokea siku moja, mwanzishaji alikuwa mpiga deki mwenye nia nzuri aliyeona kichwa kinaninginia.

Makaratasi

Kuponya rezo hakukurudisha masaa. Siku hiyo hiyo ya Jumatatu direksio ilitaka tutie sinyatire kwamba tatizo limekwisha. Tulikataa. Tatizo la mashini limekwisha, deni halijakwisha. Kilichopotea kati ya karani na serveri kilikuwa bado kimeandikwa mahali: kwenye kaye za kaboni za mashefu wa posti.

Tulikubaliana kurudi nyuma miezi sita. Jioni tano kwa juma, madelege wawili, karani mmoja na mutu mmoja wa kontablite, karatasi kwa karatasi, tukilinganisha kopi ya shefu na kile kilichomo serveri. Mashefu wengine walileta kaye zao safi kama za wanafunzi. Mmoja alileta yake imelowa mafuta, tukaisoma mbele ya taa kama watu wa maabara. Tulichokipata kilitosha: mistari iliyokosa ilianguka karibu yote ndani ya yale masaa mawili ya kaye zetu, asubuhi na jioni, na ile ya kontenere siku za mvua. Hapo hakuna aliyesema tena kwamba wafanyakazi wanajitungia posti.

Miezi minne imelipwa, kwa mara mbili, na imeandikwa peke yake kwenye fishi ili kila mutu aione. Mama wengi walikuja na bwana zao dirishani siku hiyo kuhakikisha wenyewe, na walifanya vizuri. Wake zetu ndio wenye kumbukumbu: mmoja alileta kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, ambayo alichora msalaba kila usiku bwana yake alipolala kazini. Tuliilinganisha na kaye ya shefu. Ilikosana siku moja tu, na aliyekosea alikuwa shefu.

Mwezi wa tano una ubishi, kwa sababu shefu mmoja alihamia kampuni ingine na kaye yake. Tumemtafuta, amekubali kuileta. Mwezi wa sita ni mgumu: kaye mbili ziliharibika mvua ilipoingia depo. Direksio inasema bila karatasi hakuna deni. Sisi tunasema mashini yao njo iliyopoteza, wala si mfanyakazi, na tumeweka mezani kalenda, majina ya wenzao wa posti, na vitabu vya usalama vya barieri vinavyoonyesha nani aliingia na nani alitoka. Mkutano ni Jumatano ijayo, saa 14h00. Walio na kitu chochote kilichoandikwa siku zile, hata nyuma ya karatasi ya dawa, wakilete biro ya sindika kabla ya Jumanne jioni.

Kaye za mezani hatujaziondoa. Ya meza ya nne imejaa, tumenunua ingine.